Mwenyeji wa Mlango wa Nyuma

Maji ya kumkanda mtoto, basi. Ndiyo yaliyompeleka Mshonaji nyuma ya ile nyumba, jua likizama.

Msafara wote ulimwita Mshonaji, maana kanisa lilimtuma ugenini akafundishe akina mama kushona. Walikuwa watatu: Mchungaji, Fundi wa kupaua, na yeye. Wa nne hakuhesabiwa. Alikuwa wa miezi saba, yuko mgongoni, bado ananyonya. Mama mkwe alimsihi amwache.

"Safari haina adabu, mwanangu."

Lakini mtoto anyonyaye utamwachia ziwa la nani?

Na kweli, safari haikuwa na adabu. Mpakani walilala siku mbili juu ya benchi la chuma, karatasi zao zikizungushwa dirisha hili na lile, mpaka afisa akasema watu wavuke, mizigo ibaki. Cherehani ikabaki. Mkoba wa dawa za mtoto ukabaki. Usiku wa pili homa ikaingia. Kisha gari la kukodi likazama kwenye tope hadi mlangoni, wakashuka, wakatembea saa tatu kwenye manyunyu. Fundi alivua koti lake akamfunika mtoto, akabaki na fulana, meno yanagongana.

"Shemeji, mimi ngozi ya mamba," alisema. "Baridi ikiniuma inang'oka meno yenyewe."

Alicheka peke yake. Mshonaji alitaka kucheka, akashindwa.

Nyumba ya misheni waliikuta imefungwa, ndani giza tupu. Mchungaji akaenda kumtafuta mtunza nyumba mwenye ufunguo. Fundi akakimbilia taa alizoziona ng'ambo ya bonde, huenda kuna mtu mwenye dawa. Mshonaji akabaki barazani.

Mtoto alikuwa ameacha kulia.

Hilo ndilo lililomtisha. Alimgusa shavu. Linaunguza. Alimpa ziwa, mdomo haukushika. "Baba, usinifanyie hivi," alinong'ona. "Nimekuja kwa kazi yako..." Akainuka kutafuta bomba.

Nyuma, mlango ulikuwa wazi.

Harufu ikamfikia kwanza. Sabuni ya kipande. Maziwa ya moto. Na chini yake, kwa mbali... udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Pole, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Mwanamke alisimama jikoni, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi, koroboi nyuma yake. Uso haukuonekana vizuri. Sauti ilikuwa ya mama yeyote. Alimketisha kigodani, akasogeza beseni la maji ya moto, akapiga magoti, akamwosha miguu. Alitoa tope katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayeosha vikombe vya wageni.

Mshonaji akalia. Tangu atoke kwao hakuna aliyemgusa hivyo.

"Mama, mwanangu ana homa."

"Najua."

Mwanamke akasimama, akafuta mikono, akainyoosha.

"Umekuja na nini?"

Watu wa kanisa lao wana desturi moja. Mgeni haketi, hali, hapumziki kabla hajaweka mzigo wake mikononi mwa mwenyeji na kusema, "Nakabidhi." Mwenyeji hujibu, "Nimepokea." Tangu hapo mzigo uko chini ya ulinzi wake, na siku ya kuondoka humrudishia mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Njia nzima walifanya hivyo. Fundi hukabidhi sanduku la nyundo, Mchungaji Biblia, Mshonaji cherehani yake.

Sasa hakuwa na cherehani. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani. Alikuwa amechoka, na mikono ile ilikuwa imemwosha miguu.

Alifungua kanga. Alimweka mtoto juu ya ile mikono.

"Nakabidhi."

Vidole vyao vikagusana. Vya yule mwanamke vilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Nimepokea."

Akaingia naye chumba cha ndani. "Nikamkande," alisema. Mlango ukajifunga polepole.

Mshonaji alisikiliza. Maji yanatiririka... Kitambaa kinakamuliwa... Wimbo wa kubembeleza, usio na maneno...

Kisha hakuna kitu.

"Mama?"

Akagonga mlango.

"Mama, anaendeleaje?"

Ufunguo ukalia mlango wa mbele. Mchungaji akaingia na mzee mfupi aliyeshika tochi, mtunza nyumba.

"Binti! Umepitia wapi?" Mchungaji aliuliza.

"Mama amenifungulia. Mlango wa nyuma."

"Mama yupi?"

Mzee alimulika mlango wa nyuma. Mbao tatu zilikuwa zimegongomewa kukingama, misumari imeota kutu. Akamulika jiko. Majivu ya zamani.

"Nyumba hii ina ufunguo mmoja," mzee alisema polepole. "Huu hapa."

Mshonaji hakusubiri. Aliupiga mlango wa ndani kwa bega, mara moja, mara mbili...

Chumba kitupu. Vumbi. Katikati, sanduku la mbao, na mtoto ndani yake, nywele zimelowa, amefungwa blanketi la kufuma lililogeuka manjano. Alikuwa anatazama dari na kutabasamu.

Homa haikuwapo.

Mshonaji alimnyakua. Na pale alipoinuka, karibu kabisa na sikio, pumzi baridi yenye harufu ya udongo:

"Sijakurudishia."

Mchungaji alipiga magoti akaomba kwa sauti. Mzee alibaki mlangoni, anaitazama miguu ya Mshonaji. Ilikuwa safi.

"Msafara wa kwanza kabisa ulikuwa na mama kama wewe," alisema. "Mtoto wake alishikwa na homa njiani. Alibisha hodi nyumba zote huku, zamani hizo. Hakuna aliyefungua. Alimzika hapo nyuma, naye akafuata baada ya wiki." Akashusha sauti. "Hajawahi kumdhuru mtu. Ila... hukumpa mtoto kwa mkono wako, sivyo?"

Mshonaji alimfunga mtoto mgongoni, akaikaza kanga mara mbili.

Walikaa wiki tatu. Mizigo ikafika kutoka mpakani, akina mama wakajifunza kupinda na kutia vifungo. Siku ya kuondoka wenyeji walirudisha kila mzigo kwa mkono. Fundi akapokea nyundo zake, akalalamika kwamba zimenenepa. Mshonaji alizunguka nyuma peke yake. Alisimama mbele ya zile mbao tatu, mikono wazi, akangoja.

Hakuna aliyetoka kumrudishia.

Mgongoni, mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na mtu aliyekuwa nyuma yao.

Sasa mtoto anatembea. Hajaugua tena hata mafua. Jioni Mshonaji huloweka nguo zake kwenye beseni, azifue kesho. Asubuhi huzikuta kambani, zimefuliwa, zimekamuliwa vizuri, zinanukia sabuni ya kipande. Mama mkwe humsifu mbele ya majirani.

"Mkwe wangu huyu? Jogoo hajawika, yeye kashamaliza kufua."

Mshonaji ni mtu wa kushukuru, hata kikombe cha maji hukishukuru. Lakini kwa hizo nguo hajawahi kusema asante.

Anaogopa ataitikiwa.