Sufuria ya Mama Kabiru

Jina langu ni Benta, na nina wivu. Naanza na hilo kwa sababu wivu wangu nusura umpotezee mume wangu kazi.

Mwaka wa 1981 tulikuwa tukikaa Makongeni, katika nyumba za reli. Mume wangu, Patrobas, alikuwa dereva wa gari moshi la Kisumu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Ndung'u, alikuwa dereva pia. Mke wa Ndung'u aliitwa Waithera, lakini sote tulimwita Mama Kabiru. Mimi waliniita Mama Aloo.

Waume zetu walikuwa na kazi moja. Nyumba zetu zilikuwa sawa, na maji tulichota kwenye bomba moja. Hata hivyo, kila Mama Kabiru alipopata kitu, mimi nilikosa raha. Aliponunua cherehani, nilinuna wiki nzima. Aliposhona mapazia ya maua, niliyatazama yangu nikaona matambara.

Kitu kimoja tu nilimshinda, nacho ni nyama.

Kwangu nyama ilipikwa kila siku. Asubuhi Patrobas alikunywa chai na mayai ya kukaanga. Jioni tulikula ugali kwa mbavu, au matumbo, au maini. Nilikaanga kwa mafuta mengi ya kopo, mlango ukiwa wazi, ili harufu itembee. Mifupa sikuifunga kwenye gazeti. Niliiweka juu kabisa ya pipa la taka, mahali ambapo wanawake wote wa laini yetu ya nyumba wangeiona.

Kwa Mama Kabiru leo ni maharagwe, kesho ndengu, kesho kutwa githeri, yaani mahindi na maharagwe, na sukuma wiki. Nyama walikula Jumapili, tena kidogo.

"Mke wa dereva anapika kama mke wa kibarua," niliwaambia wanawake bombani. Walicheka, nami nikarudi nyumbani na ndoo yangu nikiwa nimefurahi.

Mwezi wa tatu madereva wote walipimwa afya. Siku hiyo Patrobas alirudi mchana, saa ambayo gari lake lilipaswa kuwa njiani. Aliketi bila kuvua kofia.

"Wameniondoa kwenye gari," alisema.

"Umekosa nini?"

"Sijakosa. Ni presha. Daktari anasema damu inasukuma mishipa kwa nguvu sana. Mtu wa hivyo anaweza kuanguka ghafla, na mimi nyuma yangu huwa na abiria mamia. Nimepewa miezi mitatu. Presha ikishuka, narudi. Isiposhuka, nastaafishwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya kazi, Benta. Kazi ikienda, na nyumba inaenda."

Nikauliza swali ambalo mpaka leo naona haya kulikumbuka.

"Na gari lako sasa linaendeshwa na nani?"

"Ndung'u."

Wivu ulinipanda mpaka kooni. Sikusikia vizuri mengine aliyosema. Alisema amepewa vidonge vya kila siku. Alisema daktari amemwambia apunguze nyama ya mafuta na chumvi, ale mboga, maharagwe na matunda kwa wingi.

"Basi nipikie maharagwe leo," aliniomba.

"Maharagwe? Ili watu waseme nini? Ati Patrobas kaondolewa kwenye gari, sasa wanakula maharagwe! Mama Kabiru atacheka mpaka akae chini. Mgonjwa anataka nguvu, na nguvu iko kwenye nyama."

Jioni hiyo nilipika mbavu, nyingi kuliko kawaida.

Wiki mbili zikapita. Patrobas alianza kuacha chakula. Alimega matonge mawili, akasema ameshiba. Mchana alisema anaenda kunyoosha miguu. Nilidhani ni dawa zinazomkatia hamu ya kula.

Siku moja adhuhuri nilikuwa natoka bombani. Nilipofika mlangoni kwa Mama Kabiru, nilisikia mtu anacheka ndani. Nilikijua kicheko hicho. Kilikuwa cha mume wangu, na kwangu hakikuwa kimesikika tangu siku aliyotolewa kwenye gari.

Nilitua ndoo, nikasukuma lile pazia la maua.

Patrobas alikuwa mezani, mbele yake sahani ya maharagwe na sukuma. Alikuwa anapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho. Ndung'u, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, aliketi karibu naye. Mama Kabiru alikuwa amesimama, mwiko mkononi.

"Kumbe!" nilisema. "Mama Kabiru, mumeo amechukua gari la mume wangu. Sasa wewe unachukua tumbo lake?"

"Mama Aloo, karibu, keti kwanza."

"Siketi!"

Ndung'u alisimama. "Shemeji, mimi ndiye niliyemwita. Na hilo gari silitaki. Nafanya zamu yangu na yake, nimechoka. Nataka apone alirudie."

Sikumjibu. Nilimgeukia Patrobas. "Kwani mimi sijui kupika?"

Patrobas alisukuma sahani kando polepole. "Unajua kuliko wote hapa. Lakini nilikuomba maharagwe ukanipa mbavu. Nikaomba tena, ukanipa matumbo. Benta, wewe hunipikii mimi. Unampikia Mama Kabiru, anuse."

Niliokota ndoo yangu nikaenda nyumbani, nikalia. Kwanza nililia kwa hasira. Baadaye nililia kwa sababu alisema kweli.

Usidhani nilitubu hapo. Nilijiambia hivi: kama ni maharagwe, basi mume wangu atakula maharagwe ya mkono wangu, na ya Mama Kabiru ayasahau kabisa.

Kesho yake nilianza. Nilitia magadi ili maharagwe yaive upesi yawe laini. Nilikaanga vitunguu kwa mafuta ya kutosha, vijiko vitano vilivyojaa. Nikatia chumvi mpaka ladha ikaniridhisha. Mnavu, ile mboga chungu ambayo kwetu tunaiita osuga, niliupika kama mama yangu, kwa samli na magadi. Patrobas alikula akalamba vidole. Kwa jirani hakwenda tena, nami nikaona nimeshinda.

Mwisho wa mwezi nilimsindikiza kliniki. Muuguzi aliitwa Nthambi, mwanamke mnene wa maneno machache. Alimfunga Patrobas kitambaa mkononi, akapiga pampu, akatazama. Akapiga tena.

"Haijashuka," alisema. "Vidonge anakunywa?"

"Kila siku, sista," nilimjibu.

"Nyama?"

"Ameacha kabisa! Sasa ni maharagwe na mboga tu. Tena nayapika vizuri. Uliza yeyote Makongeni."

Sista Nthambi alinitazama. "Alhamisi huwa napita nyumba za huko. Nitakuja nione ukipika."

Alhamisi alikuja kweli. Aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, akanitazama nikifanya yote bila kunikatiza. Nilipomaliza, alichota mchuzi kidogo akaonja.

"Mtamu," alisema. "Na huu ndio unaomrudisha nyuma mumeo."

"Hauna hata mfupa mmoja, sista!"

"Sikiliza, mama. Umeondoa nyama, lakini mafuta na chumvi vimebaki sufuriani, tena vimeongezeka. Chumvi nyingi hupandisha presha. Mafuta haya yanayoganda hudhuru mishipa na moyo. Na magadi ni ndugu wa chumvi. Hata ukiacha chumvi ukatia magadi, hujaacha kitu."

"Sasa bila magadi maharagwe yataiva lini? Si makaa yataniishia?"

"Ya jirani yako yanaiva bila magadi. Nimeyaona. Nenda ukamuulize."

Kama angeniambia nitembee kwa mikono, ingekuwa rahisi kuliko hilo.

Kabla hajaondoka, nilimuuliza jambo lililonisumbua. "Sista, niambie ukweli. Mwanamume mzima, atapata nguvu kwenye maharagwe?"

"Atapata. Ndani ya maharagwe, ndengu, kunde na njugu kuna chakula cha kujenga mwili. Yakiliwa pamoja na ugali, wali au mahindi, yanajenga mwili kama nyama. Sijakukataza nyama. Mara moja kwa wiki inatosha, kipande kidogo kisicho na mafuta. Watoto wape na maziwa au yai, maana wanakua. Na mboga za majani na matunda, kila siku."

Siku mbili nilizunguka nyumbani kwangu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwenda kwa Mama Kabiru kuomba mafunzo! Lakini kila nikitazama kofia ya Patrobas imetundikwa ukutani, nilikumbuka kwamba miezi miwili tu imebaki.

Siku ya tatu nilibeba sufuria tupu, ili wanawake wadhani naenda bombani. Nikakata kona, nikaingia kwa Mama Kabiru.

"Hodi."

"Karibu, Mama Aloo." Hakushangaa. Nadhani Sista Nthambi alikuwa amepita huko.

"Nimekuja unionyeshe maharagwe," nilisema haraka, neno lisije likakwama. "Na yale niliyokusemea siku ile, unisamehe."

Alivuta kigoda cha pili.

"Mimi pia nikwambie kitu," alisema. "Ile harufu yako ya nyama, watoto wangu walikuwa wakiisikia wanakataa chakula changu. Kabiru aliniuliza, 'Mama, sisi ni maskini?' Nilikuonea wivu, Mama Aloo, mpaka nikawa nafunga dirisha."

Miaka yote ile nilidhani wivu ni wangu peke yangu.

Alinionyesha. Maharagwe huchaguliwa, yakaoshwa, yakalowekwa kwenye maji tangu usiku. Asubuhi maji hayo humwagwa, na hapo hata tumbo halijai gesi. Kisha huchemshwa kwenye maji mapya, kifuniko juu, moto wa wastani. Yakiiva, hukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya maji, vitunguu vingi, nyanya, karoti na majani ya dania. Chumvi huja mwisho, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili.

"Yatakuwa chapwa," nilisema.

"Kamulia limau. Siku za kwanza ataona chapwa. Ulimi huzoea."

Sukuma aliiosha kabla ya kuikata, ili uzuri wake usiende na maji. Akaigeuza motoni kidogo tu, ikatoka bado ni kijani.

"Na wewe sasa nifundishe ile osuga yenu," aliniambia. "Baba Kabiru anauliza kila siku Patrobas anakula nini."

Nikamfundisha, lakini mara hii bila magadi, na badala ya samli nikatia njugu zilizotwangwa. Ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, nami nilifurahi kuona anaomba nyongeza.

Siku za kwanza Patrobas alilalamika. "Chumvi imepanda bei?" aliniuliza. Nilimsukumia limau. Wiki ya pili akaacha kulalamika. Kila jioni tulitembea pamoja mpaka Kaloleni na kurudi. Mkanda wake ukaingia tundu la pili, kisha la tatu. Wanawake bombani waliponiuliza mifupa imekwenda wapi, niliwaambia waje Jumapili. Mmoja alicheka. Ilinichoma, lakini jioni hiyo nilipika ndengu.

Mwezi wa sita siku ya kupimwa ilifika. Sikuweza kumwacha aende peke yake. Niliketi kwenye benchi ndani ya chumba cha daktari.

Daktari alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. Aliandika kitu. Akangoja kidogo, akapima tena.

"Imeshuka vizuri," alisema. "Vidonge usiache, na kila mwezi uje upimwe. Jumatatu urudi kwenye gari lako."

Patrobas alifumba macho.

"Wengi huja hapa na vidonge vyao, lakini chakula hawabadilishi," daktari aliendelea. "Wewe umepungua, umekuwa mwepesi. Nani alikuwa anakupikia?"

Sahani ya kwanza ya maharagwe Patrobas aliila kwa Mama Kabiru. Kuloweka nilifundishwa na Mama Kabiru. Mwezi ule wa mwanzo mimi nilikuwa nikimtilia magadi na mafuta. Angemtaja jirani, angekuwa hajadanganya, nami ningekaa pale nimeze aibu yangu.

Patrobas alinyoosha mkono, akaniwekea begani.

"Huyu hapa," alisema. "Mke wangu."

Sikungoja amalize kufunga vifungo vya shati. Nilitoka mbio, nikamwambie Mama Kabiru kwamba maharagwe yetu yameshinda, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.