Diski Mpya ya Kabale

Huqa alimjua Kabale kwenye kona ya wauza miraa, siku ya soko, Isiolo imejaa mbuzi na pikipiki. Msichana alivaa baibui jeusi na mtandio wa manjano, amekumbatia printa kubwa, na watu wanampisha.

"Dada, hiyo unaipeleka sokoni ama inaumwa?" Huqa akauliza.

"Inaumwa. Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi wa kompyuta."

"Basi shika. Mikono yangu inakatika na wewe unaongea tu."

Akashika. Tangu hapo hakuna kitu cha umeme kilichoharibika katika ofisi ya kusafirisha ng'ombe, Kabale alikokuwa karani, ambacho Huqa hakuitwa kukitazama. Vingine, tuseme ukweli, havikuwa vimeharibika. Mapenzi yakakolea hadi Kabale akamwambia, "Huqa, maneno matamu nimeshiba. Ukinitaka, baba yuko Merti na barabara unaijua."

Asubuhi moja, bila kumwambia Kabale, Huqa akampakia mjomba wake, Mzee Sharamo, na wazee wengine wawili kwenye pikapu, na kahawa na sukari ya posa, wakaelekea Merti. Alitaka msichana aipate habari kwa babake mwenyewe.

Pikapu haijafika mbali, simu ya Huqa ikalia. Ni Kabale.

"Kompyuta imekufa, roho yangu. Inalia tik tik tik tu, na mdosi wangu wa ofisi amenuna."

"Hiyo ni diski. Nakuja." Akashuka, wazee wakaendelea na dereva, naye akarudi mjini kwa pikipiki.

Akaweka diski mpya, akarudisha programu za ofisi moja moja, kisha akaanza kufungua barua pepe za zamani kutoka kwenye nakala aliyokuwa amemhifadhia Kabale. Kabale mwenyewe alikuwa ametoka kununua sambusa. Huqa anapiga mluzi, barua zinamiminika, na kalenda nayo ikafufuka, ikarusha ukumbusho katikati ya kioo: "Posa yangu. Wazee wa Abdihakim, Merti. Bado siku chache."

Mluzi ukakatika. Jamani, msichana anakuita roho yangu, kumbe ana Abdihakim! Wivu ukampanda Huqa hadi masikioni, na badala ya kuuliza akampigia mjomba. Hapatikani. Pikapu iko porini, mtandao hakuna. Akatuma ujumbe: "Rudini. Msichana ana mtu wake."

Kabale akaingia na sambusa za moto. "Mbona umekunja uso hivyo, mpenzi?"

"Kazi imeisha, dada."

"Dada? Mimi ni dada yako tangu lini?"

"Hongera kwa posa," akasema, akabeba begi lake akaenda zake. Sambusa hakugusa, na njaa alikuwa nayo kweli.

Mchana kutwa alikata simu za Kabale. Alasiri akachoka, akapokea.

"Huqa, hakuna barua mpya hata moja inaingia. Kukasirika kasirika, lakini kazi yangu maliza."

Hapo alimshika pabaya. Huqa hakutaka isemwe mjini kwamba kazi yake ni mbovu. Akarudi, akaketi bila salamu, akaangalia waya, akaangalia nenosiri, kila kitu sawa. Kisha macho yakashuka kwenye kona ya kioo, penye saa na tarehe. Mwaka 2019.

Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na mashine ilipochomolewa ili kubadilishwa diski ikasahau miaka yote iliyopita. Ndiyo maana barua zilikataa kuingia. Huqa akafungua kalenda. Posa ya Abdihakim ilikuwa ya mwaka huo huo, 2019.

"Kabale, Abdihakim ni nani?"

Kabale akamtazama, akatazama kioo, akacheka hadi akashika meza. "Baba alimrudisha na kahawa yake, zamani hizo. Sasa ana mke na watoto huko Garissa. Ndiyo umeninunia? Fundi mzima, tarehe hukuangalia?"

"Sikuangalia. Kabale, nimeharibu. Wazee wangu wako kwa baba yako."

"Wazee wa nini?"

Akamweleza yote, pamoja na ule ujumbe. Kicheko kikamwisha Kabale. Baba yake akishawarudisha wazee hawaiti tena, na hilo wote wawili walilijua.

"Mpigie mjomba wako, mwambie asiusome."

Huqa hajabonyeza namba, simu ya Kabale ikalia. Ni baba. Akaweka sauti kubwa.

"Kabale, nina wageni hapa, wazee wa kijana anaitwa Huqa. Wameongea vizuri, nilikuwa karibu kukubali. Sasa simu ya Sharamo imelia, na kwa sababu macho yake hayaoni maandishi, akanipa mimi nimsomee. Imeandikwa wewe una mtu wako. Umenifedhehesha mbele ya watu. Ni nani huyo mtu?"

Huqa alikuwa ameshika kichwa, shati limelowa jasho. Kabale akamwangalia mjinga wake huyo, na akajua anampenda vile vile.

"Ni kweli, baba, nina mtu," akasema. "Wazee wake ndio hao umekaa nao. Wapokee."