Harufu ya Mihogo Kisimani

Kila asubuhi, kabla ya ngoma ya shule kulia, wasichana wa Kashebere waliteremka kisimani na mitungi yao. Mwaka ule wa 1957 mwalimu Benoît alikuwa amemweka Emérita, mwenye miaka kumi na miwili, kuwa kapita wa maji, yaani msimamizi, aangalie usafi. Emérita hakuishia hapo. Alitunga na sheria, peke yake: atakayeloweka mihogo juu ya kisima, kwenye mfereji unaoleta maji, hatachota tena.

Siku moja maji yalinuka kama panya aliyeoza. Povu lilielea, na mafunza madogo yakajinyonganyonga ndani yake. Emérita akaziba pua.

"Léontine, ni weye. Jana nilikuona na kitunga kichwani."

"Kile kilikuwa cha majani ya sombe, kapita. Ungeuliza kwanza."

"Nimekwisha kuamua. Usichote hapa tena."

"Weye njo ulitunga sheria, weye njo polisi, weye njo muamuzi," Léontine alisema. "Imebakia tu uwe padri, utuungamishe."

Wenzake wakacheka. Lakini Léontine aliondoka na mtungi mtupu, akaenda kuchota kwenye kijito cha mbali walikogaagaa nguruwe. Hazikupita siku tatu, mdogo wake Valérie akaanza kuhara, macho yakamwingia ndani.

Na kisima? Kilizidi kunuka, ingawa Léontine hakukikaribia tena. Emérita akaufuata mfereji kwenda juu. Chini ya majani alikuta kitunga cha mihogo kimezama. Alipokiinua, mihogo ikapondeka mikononi mwake kama nyama iliyooza, ute mweusi ukamtiririka hadi kiwikoni. Kitunga kilifungwa kwa kipande cha gauni lake mwenyewe la zamani. Akakiacha palepale.

Nyumbani alimkuta mama yake, Béata, akitwanga.

"Mama, kile kitunga cha juu ya kisima ni chako?"

"Ni yangu. Kule maji iko mingi."

"Kinanuka, mama. Watu wanakunywa ile maji."

Béata akanusa vidole vyake, upande huu na upande huu. "Mimi sisikie kitu, mutoto wangu."

Emérita angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza? Mwenye kuuliza alikuwa yeye tu. Wazo hilo lilimchefua kuliko mafunza. Akaenda kwa mwalimu, akasema yote mbele ya darasa, Léontine akisikia.

Mama yake alihamisha kitunga siku hiyohiyo, akakiweka mbali kule chini, maji yakishapita kisima. Emérita mwenyewe alimpelekea Léontine maji safi, akayachemsha kwa ajili ya Valérie.

"Weka pale, kapita," Léontine alisema. "Umenawa mikono?"

Valérie alipopona, mwalimu aliwaita akina mama na wasichana wote. Wakaijadili sheria ile upya hadi wakakubaliana. Emérita akabaki kuilinda, na mama watatu wakachaguliwa kuamua mashtaka.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," mwalimu Benoît aliwaambia. "Nilimpa mtoto kazi bila kumwekea mpaka. Sikieni: mwenye kuloweka mihogo hasikii harufu yake. Mwenye kutunga sheria naye ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wazee wa baraza wanaijadili, mwami, mtawala wetu, anaikubali ao anaikataa, na waamuzi wanaipima wakati wa kesi. Pua moja ikizoea uvundo, ile ingine itaukataa."

 Emérita akanusa vidole vyake, upande huu na upande huu, kama mama yake.