Jina Mgongoni mwa Sola

Siku ya soko mjini Kakamega, Awinja alisimama kwenye kibanda cha fundi wa sola akatazama kuku wawili waliofungwa miguu juu ya meza ya kioo. Alivaa koti la kijivu la kiwandani, kitambaa cha manjano kichwani, na raba zilizojaa matope mekundu.

“Fundi, hiyo meza yako ni paneli,” alisema.

“Ni meza. Zamani ilikuwa paneli, ikafa.”

“Nataka kuichukua.”

“Na kuku nitawaweka wapi?”

“Kuku wana miguu.”

“Imefungwa.”

Awinja akacheka kabla hajajizuia.

Fundi aliitwa Osiako, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mabega mapana, kidole gumba chenye kovu la moto. Awinja alikuwa mkaguzi katika kiwanda kidogo cha kuunda paneli za sola nje ya mji. Kiwanda kilikusanya paneli zilizokufa, kikazivunja, na kioo, alumini na shaba vikarudi kazini badala ya kutupwa katika mto Isiukhu. Kila paneli mpya ilitoka na kadi: kioo kimetoka wapi, shaba imechimbwa wapi. Chini ya kadi, sahihi ya Awinja.

“Mimi hata ng'ombe wangu simjui babu yake,” Osiako alisema. “Nyinyi mnajua ukoo wa kioo.”

“Kuna mahali watu huchimba haya madini kwa kupigwa. Sitaki jasho lao likae juu ya paa la mamangu.”

Osiako aliacha mzaha. Aliwashusha kuku, akambebea paneli hadi kwenye gari.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Jumapili baada ya kanisa Osiako alifika Shieywe, alikopanga Awinja, shati la samawati limepigwa pasi, wakala obusuma, ugali wa kwao, na mboga. Siku moja alimletea mwiko. Kwenye mpini alikuwa amechoma jina AWINJA kwa msumari wa moto, na A ya mwisho ilikuwa na mkia mrefu. Kila mchana, saa ya chakula, Osiako alimpigia simu.

“Umekula, wangu?”

“Nimekula. Wewe uko wapi?”

“Juu ya paa, Navakholo. Nakula jua.”

“Shuka ndio tuongee. Sitaki kuwa mjane kabla ya harusi.”

“Kwa hivyo harusi iko?”

“Nimesema ushuke, Fundi.”

Navakholo kulikuwa na wezi wa sola. Ndiyo maana kila mwenye nyumba alitaka jina lake liandikwe nyuma ya paneli, mahali ambapo halifutiki. Rangi ilikwanguliwa. Osiako aliona njia. Aliweka msumari kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, kisha akachoma jina kwenye plastiki nyeupe ya mgongo wa paneli. Wezi waliziogopa paneli hizo. Watu walimsifu, na yeye alijisifu kidogo.

Mvua za Aprili zilipokuja, jiko la Mama Maurine, mjane wa Navakholo, liliungua pamoja na mahindi yake ya mwaka mzima. Moto ulianzia kwenye sola. Hakuna aliyekufa. Kilichobaki cha paneli kililetwa kiwandani: kadi yake, iliyokuwa imehifadhiwa nyumbani, na pembe moja ya ukubwa wa kiganja. Wafanyakazi wengine waliona masizi. Awinja aliona herufi A yenye mkia mrefu, kama ile ya mwiko wake, na ndani ya mkia matundu madogo kama ya sindano. Maji yalipita hapo, umeme ukashika moto.

Meneja, Bwana Wanzala, aliweka kadi mezani. “Sahihi ni yako?”

“Ni yangu.”

“Ilitoka hapa ikiwa nzima?”

Awinja aliitazama ile A. “Sijui.”

Alijua. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi hiyo. Alisimamishwa kazi, na kiwanda kikafungwa mpaka ukweli ujulikane. Watu arobaini walirudi nyumbani.

Osiako alipiga simu siku nne. Siku ya tano Awinja alishika.

“Nimekukosea nini?”

“Hakuna.”

“Ni meneja wako? Amekutongoza?”

Awinja akieleza, Osiako angekwenda kujitaja, na huenda angefungwa. “Fikiria unavyotaka, Osiako.”

Tangu walipopendana alikuwa akimwita Fundi, si Osiako. Osiako alikata simu, akaamini alichokuwa amekiogopa.

Wiki hiyo alikwenda kumsaidia Mama Maurine kuinua jiko jipya. Alikuwa ameshika boriti mjane aliposema, “Yule msichana wako alikuja hapa. Akaniuliza nani aliandika jina kwa sola yangu. Nikasema ni wewe. Akalia, mwanangu. Akaniomba nisiambie mtu.”

Osiako aliweka boriti chini. Alipanda paa la jirani, akafungua paneli aliyoiandika miaka miwili nyuma, akaigeuza. Alibonyeza herufi ya kwanza kwa kidole gumba. Maji yakatoka.

Alifika kwa meneja akiwa na matope magotini. Aliweka msumari mezani.

“Ni huu. Ni mimi.”

“Umechoma ngapi?”

“Mia moja na kumi na nne. Nazijua paa zote.”

“Naweza kukupeleka polisi.”

“Nipeleke. Lakini mvua inanyesha, na chini ya hizo paa kuna watoto wamelala. Nipe gari kwanza.”

Wanzala aliutazama msumari. Kadi zao zilieleza shaba imetoka wapi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mkulima asitoboe mgongo wa paneli. Kosa hilo lilikuwa la kiwanda, na meneja alilijua. Alitoa gari.

Wiki tatu Osiako alizunguka akishusha kazi ya mikono yake mwenyewe. Wengine walimtukana. Mzee Osundwa, mmoja wa wenye paneli, alimpiga fimbo ya mgongo, naye hakujikinga. Mahindi ya shamba lake alimpelekea Mama Maurine.

Siku kiwanda kilipofunguliwa tena, Awinja alirudi kazini akamkuta Osiako akishusha paneli garini. Alikuwa amekonda.

“Ungeniambia,” Osiako alisema.

“Ungeenda kujitaja.”

“Nimeenda.”

“Hicho ndicho nilichoogopa.”

“Ulinificha, na moto ungewaka kwenye nyumba nyingine. Ulifikiria hilo?”

Awinja alilia bila sauti. “Nilifikiria. Kila mvua.”

“Mimi nikadhani una mwanamume mwingine. Basi sote tumekosa.” Alimfuta machozi kwa mkono wenye vumbi, akamchafua shavu. “Usinipende hivyo tena.”

Tangu hapo majina yaligongwa kwa herufi za chuma na nyundo kwenye fremu ya alumini, na Osiako ndiye aliyegonga. Agosti, Awinja alimletea paneli mpya kwenye kibanda.

“Ya nani?”

“Ya nyumba ambayo bado haijajengwa.”

“Jina la mwenye nyumba?”

“Gonga OSIAKO.”

Fundi alishika herufi O. “Sijafika kwa babako.”

“Utafika Jumamosi. Mama ameshamfunga miguu ingokho, kuku wa wageni.”

Osiako aliweka herufi kwenye fremu, mbali na mgongo, akainua nyundo.