Namba Zilizofutwa kwa Msasa

Kisa hiki alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe, Jumapili iliyopita mchana, nikimsuka nywele barazani. Tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki, lakini siku hiyo alianza kwa sauti ndogo.

"Bibi, nikikwambia hutanicheka?"

"Nitakuchekaje na kichwa chako nimekishika? Sema."

Cherehani ya mama yake ilikuwa imekufa, na kushona ndiko kunakowalisha. Mama akatoa bangili ya fedha niliyompa alipoolewa, akaamua kuiuza kwa sonara. Chiriku alikuwa akisugua sufuria, kazi yake ya kila jioni. Akaiona bangili imefifia, akaisugua pia. Kwa ndani akakuta mikwaruzo midogo. Akachukua msasa, akasugua hadi pakawa laini kama yai.

"Nilitaka Mama apate bei nzuri, Bibi."

Kesho yake wakaenda wote wawili, na sonara, mzee mmoja, aliigeuzageuza bangili chini ya kioo cha kukuzia.

"Mama, muhuri uko wapi?"

"Uko kwa ndani. Namba yenye tarakimu tatu. Mama yangu alinionyesha."

"Hapa hakuna namba. Watu huniletea bati lililopakwa rangi, na kuapa wanaapa!"

Mteja mmoja akacheka chinichini. Mama akainamisha uso. Chiriku akaelewa papo hapo ile mikwaruzo ilikuwa nini. Hakuna aliyemwona akisugua. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mama yake alikuwa akinyoosha mkono kuichukua bangili waondoke.

"Babu, ni mimi!" akapaza sauti. "Nilizifuta kwa msasa, nikidhani ni mikwaruzo. Mama hasemi uongo."

Sonara akavuta droo. Akatoa jiwe jeusi, akaisugua bangili juu yake mpaka ukabaki mstari, akaudondoshea dawa. Mstari ukageuka mwekundu.

"Fedha halisi," akasema. "Nisamehe mama, nimesema kabla ya kupima." Kisha akamgeukia Chiriku. "Namba ulizofuta zilikuwa 925. Gawa bangili hii mafungu elfu moja: mia tisa ishirini na tano ni fedha, yaliyobaki ni shaba, ili isipinde ovyo. Ukiona 750 kwenye dhahabu, hesabu ni hiyohiyo. Wapo wanaoghushi namba, ndiyo maana nina jiwe. Lakini ukikuta muhuri, usiuguse! Msasa waachie maseremala."

Bangili ikanunuliwa, cherehani ikapatikana.

"Umenikasirikia, Bibi?"

"Kufuta ulifuta kwa kutojua, na asiyejua hufundishwa. Kunyamaza ungenyamaza ukijua, na aibu angeibeba mama yako. Umesema kweli ilipohitajika. Basi, hiyo cherehani inalia vizuri?"

"Inasikika mpaka kwa jirani."

"Bangili yangu haijawahi kulia hivyo."

Nilingoja acheke. Kichwa kilikuwa kimenilemea gotini. Mistari miwili ya nywele ilikuwa bado, nikaiacha. Chiriku alikuwa amelala.