Vivuli Nyuma ya Duka la Nhung

Jioni ya Jumamosi, kuamkia Pasaka, jiko la Roswitha lilinukia nta. Yeye na jirani yake Nhung walikuwa wakipamba mayai ya Pasaka kwa nta na rangi, kama walivyofanya kila mwaka tangu walipokuwa wasichana wa kiwanda cha vioo, huko mashariki ya Ujerumani.

"Shoga, hilo yai au kiazi?" Nhung alimtania.

"Kiazi ni chako. Langu lina maua, fungua macho!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Gerold, mume wa Roswitha, akikohoa kikohozi chake alichoachiwa na tanuri la kiwanda, kikavu, cha mara mbili mbili. Hakusalimu. Aliinamisha uso, akapita kana kwamba kiti cha mgeni kilikuwa kitupu. Na huyo mgeni, ndugu zangu, alikuja kutoka Vietnam ujanani, akafanya kazi na Gerold bega kwa bega, na wakaachishwa kazi siku moja.

Nhung akajifunga mtandio, akaaga kwa sauti ndogo.

"Umemfukuza mwenzangu!"

"Mji mzima umefungwa, duka lake tu liko wazi. Hujiulizi kwa nini?"

"Nijiulize nini? Yeye anaamka na jogoo, wewe unaamka na jua la utosi."

"Cheka tu, mama. Wenzetu wa chama wanajua la kufanya."

Tusimhukumu Gerold upesi. Tanuri lilipozimwa, treni iliacha kusimama. Daktari akahama, shule ikafungwa, binti yao akaenda kutafuta maisha magharibi. Nyumba tupu zikabaki zikitazamana. Upepo ukipita kwenye bomba la kiwanda, hutoka mlio kama king'ora cha zamu, ukiita watu ambao hawapo. Miaka yote hiyo hakuna kiongozi aliyekuja kumuuliza, "U hali gani?" Wa kwanza kumuuliza walikuwa watu wa Chama cha Taifa Kwanza. Walimpa soseji na bia, wakamsikiliza mpaka akalia. Kisha wakamwonyesha wa kumchukia.

Alfajiri ya Pasaka Roswitha alichukua ndoo akaenda kijitoni. Kwa watu wa huko, maji yanayotekwa kabla ya jua kuchomoza huleta afya mwaka mzima, mradi mtekaji asitamke neno mpaka afike nyumbani. Akitamka, ni maji ya domo tu, hayaponyi kitu. Zamani wanawake walikwenda kwa msururu, na vijana walijificha njiani ili wawachekeshe. Sasa alikuwa peke yake na ukungu. Maji yale aliyataka kwa kifua cha mumewe.

Wakati wa kurudi, nyuma ya duka la Nhung, aliona vivuli vimechutama. Moyo ukamruka kwa furaha. Vijana! Mila imerudi! Kivuli kimoja kikakohoa, mara mbili. Roswitha akauma midomo asicheke, akapita kimya.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha nyumba yake, baridi ilipompanda mgongoni. Vijana gani? Mji ule haukuwa na kijana hata mmoja. Akasukuma mlango, akatazama kitandani. Kitupu. Na kikohozi kile alikuwa amelala nacho miaka yote.

"Nhung!" Sauti ilipasua ukungu. "Nhung, amka! Gerold, acha! Acha!"

Alikimbia na ndoo, maji yakimmwagikia miguuni. Moto ulikuwa umeshapanda ngazi za chumba cha Nhung, juu ya duka. Vivuli vimetoweka, ila kimoja, kimesimama na dumu tupu la petroli.

"Walisema tutamtisha tu," Gerold alinong'ona. "Walisema hayupo, yuko kwa mwanawe."

"Jana alikuwa jikoni kwako! Wewe ndiye uliyekataa kumtazama!"

Roswitha akalowesha mtandio wake kwa maji yaliyobaki, akajifunika uso, akaingia. Alimtoa Nhung akiwa hai. Lakini moshi ulimwachia Nhung kikohozi: kikavu, cha mara mbili mbili.

Nhung alihamia kwa mwanawe. Gerold yuko gerezani, na wale wa chama walisema redioni kwamba hawamjui. Tanuri la kiwanda halikuwaka tena. Duka liliungua, na mkate sasa unafuatwa mji wa pili.

Pasaka iliyofuata, Roswitha alikwenda kijitoni akisema kwa sauti njia nzima, akieleza alichoona mwaka jana na alivyopita kimya. Dirisha moja likafunguliwa. Kisha mlango. Mwanamke akatoka na ndoo yake, akamwambia, "Ngoja basi, twende wote."

MAFUNZO

Riziki ikihama, uchungu hutafuta sura ya kuichukia. Jihadharini na anayewapa sura hiyo bure, maana hatakuwapo siku ya kulipa. Nanyi mnaoongoza, msiuache mji ulie peke yake, kwa kuwa atakuja mwingine kuubembeleza. Nasi majirani, tukiona vivuli nyuma ya nyumba ya mwenzetu, tuseme. Hakuna baraka inayotunzwa kwa kunyamaza.