Hodi ya Tatu kwenye Gari la Mzee Mwadini

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, rudisha mlango, baridi ya Julai haina haya. Anayetafuna amalize kutafuna, na hizo simu zinyamaze. Haya hayasemwi juu ya sauti nyingine.

Mnamjua Ezéchiel? Yule mlinzi Mkongo, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili yake. Mchana yuko Randburg anafungulia watu geti, jioni anarudi Malvern kutufungulia mdomo. Alipanga chumba cha uani kwa Mzee Mwadini, fundi cherehani wa Tanga. Hapo uani ndipo lilipokaa gari la Mzee, refu, jeupe, ndani lina kitanda, jiko, sinki na makabati kama nyumba ya watu. Mzee alilinunua likiwa kuukuu ili arudi nalo kwao kwa barabara, yeye na mkewe Bi Zabibu, wakilala humo humo njiani.

Hakurudi. Mwezi wa sita kifua kilimbana. Siku anatolewa kwenda hospitali, alimshika Ezéchiel mkono mbele ya mkewe, akamwambia gari lake lisilale baridi wala lisiingie unyevu. Bintiye Najma akija kutoka Durban akalikuta kavu na lina joto, basi ni la Ezéchiel. Kisha akakohoa. Kile kikohozi chake cha mara mbili, kikavu, kama mtu anagonga ubao kwa kidole. Siku ya tatu tukamswalia msikitini Mayfair.

Najma angekuja kwenye arobaini. Siku arobaini tu, na gari zima. Mtu mwenye haya angelala kwenye ngazi zake akililinda.

Kazi aliijua, tusimsingizie. Alimwaga maji yote ya tangi, mabomba yasigande yakapasuka. Akasimamisha godoro ubavu ili hewa ipite. Akaacha makabati wazi. Kila pembe akaweka bakuli la chumvi ya mawe, inyonye unyevu. Na hita ndogo ya umeme, waya wa kuunganishia umetoka jikoni kwa Bi Zabibu, iwake kila jioni.

Bi Zabibu alimwomba jambo moja. Mpaka arobaini ipite, asiingie humo bila kupiga hodi. "Na ukiwa ndani baada ya Magharibi, mwanangu, ukasikia wewe ndiye unapigiwa hodi, nyamaza. Itapigwa mara tatu. Asiyejibiwa mara tatu huenda zake. Mwadini alikuwa na adabu."

"Mama Zabibu," akasema Ezéchiel, "mi napigaka hodi ku nyumba ya batu. Ile ni motokari."

Akaenda mpaka spaza, kile kiduka cha mtaani, kuwachekesha watu, kwamba hawa wa pwani wangepigia hodi hata friji.

Baridi ilipokaza, ile inayoacha majani meupe asubuhi, aliing'oa hita akaipeleka chumbani kwake. Waya akauacha umelala pale pale, umeingia garini kama kawaida, mwisho wake mtupu. Nani anasikia baridi mule, alijiambia, chumvi? Bi Zabibu akimuuliza kila jioni kama hita inawaka, alijibu inawaka, mama, bila hata kugeuza shingo.

Ndipo vikaanza vile vya kwenye vioo.

Jioni ya kwanza aliona kwenye dirisha la nyuma duara la ukungu, kama kisahani. Akaingia kulifuta. Halikufutika. Lilikuwa kwa nje, kwenye kimo cha mdomo wa mtu mzima. Kama mtu alisimama hapo, akabandika uso, akachungulia kitanda.

Jioni ya pili lilikuwa dirisha la pembeni.

Ya tatu, la jikoni. Lilikuwa linazunguka kuelekea mlangoni.

Walevi wa Jules Street, akasema Ezéchiel. Akatema mate.

Siku ya thelathini na tisa alitoka kazini kiza kikiingia. Bi Zabibu, yuko jikoni anachambua mchele wa khitma, akamwambia Najma anafika alfajiri. Ezéchiel akachomoka. Akaitia hita chini ya koti, akavuka uani, akafungua gari. Bila hodi. Ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno, lakini chumvi ilikuwa kavu, kuta kavu, kila kitu kikavu. Akatabasamu. Akachomeka hita, nyuzi zikaanza kuwa nyekundu...

Pap.

Umeme umekatika mtaa mzima.

"Eish," akanong'ona.

Harufu ikamfikia kabla ya sauti. Mafuta ya cherehani.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Ezéchiel akatazama dirisha la jikoni kule nyumbani. Bi Zabibu alikuwa anawasha mshumaa, peke yake.

"Hodi..."

Kisha kikohozi. Mara mbili. Kikavu.

Sasa hapo alitakiwa afunge mdomo tu. Kufunga mdomo hakuhitaji shule, mimi sikusoma na ninaweza. Lakini mdomo ule ulizoea kudharau. Mlevi ananiigizia Mzee, akawaza, hanitishi mimi.

"Hodi..."

"Ingia basi," akasema. "Ao unangoja nikubebe?"

Mlango haukufunguka.

Kioo cha mlango kikaingia ukungu. Kwa ndani. Kikafuata cha jikoni. Kikafuata cha pembeni. Kitu kikampita begani, baridi kama nguo iliyoanuliwa mbichi. Lile godoro lililosimama ubavu likainama, polepole, likalala. Likabonyea katikati.

"Mbona baridi humu...?"

Ezéchiel alitoka kwa dirisha. Kiatu kimoja kikabaki, na kung'aa kwake kote.

Najma alikuta umeme umerudi na hita inawaka nyekundu. Na bado kuta zilikuwa zinachuruzika. Godoro limelowa urefu wa mtu mmoja. Mabakuli yote manne, chumvi imekuwa maji, nayo vuguvugu. Najma akasema kwa Kiingereza chake kwamba bomba limepasuka. Bomba gani, na tangi lilimwagwa mwezi wa sita? Bi Zabibu hakubishana. Aliokota kiatu kwa vidole viwili, akamtazama Ezéchiel.

"Nani alimwambia aingie?"

Ezéchiel akainama akafunga kamba za kiatu kilichokuwa mguuni.

Basi wakagawana. Najma alirithi nyumba. Bi Zabibu akachukua cherehani. Gari halikupewa mtu. Lipo mpaka leo, turubali juu, madirisha yake yanatoka jasho hata kiangazi. Na Ezéchiel, aliyetaka gari, Najma alipojua hita ilikuwa inalala wapi, alimrushia miguuni. "Si uliipenda? Kaa nayo."

Anayo. Huiwasha chumbani kila jioni, anasema akiizima hapati usingizi. Siku hizi hupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe kabla ya kuingia, viatu mkononi, anasikiliza. Jioni nyingine tunamwona amesimama nje kwenye baridi mpaka watoto wamekwisha kulala. Tukimuuliza mbona haingii, hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameambiwa kutoka ndani angoje kidogo.